Vifaranga wa Juma la Nne

Kiplombe, Eldoret
6 Februari 2023

Mwanangu Jebet,

Chamgei. Natumaini baridi ya Uholanzi haijakumaliza. Huku ni jua tupu, nyasi zimekauka mpaka ng'ombe wa jirani wanatafuna ua wangu. Mama Kabura wa dukani anakusalimu. Ndiye hunipelekea barua posta akienda mjini kuchukua bidhaa. Kanisa limepata mabati mapya, na mchungaji amepata mtoto wa tano.

Masikio ni yale yale. La kushoto limefunga kabisa, la kulia linasikia ngurumo tu. Simu nimeizima nikaiweka kabatini. Itanisaidia nini ikiwa inalia na aliye nayo hajui? Na zile herufi zake ndogo zinaniumiza macho. Nilifundisha watoto kuandika barua kwa miaka thelathini na mmoja, acha niwe wa mwisho kuziandika.

Baba yako, huyo ndugu yangu, yuko Moi's Bridge na mahindi yake. Sisemi zaidi, ulinikataza.

Sasa jambo lenyewe. Vifaranga wangu wanakufa. Wanaanguliwa vizuri kwenye mashine, wanakula, wanakimbizana. Wakifika juma la nne, mmoja anavimba jicho, kesho yake watano wanaharisha, na kesho kutwa ninawatoa kwa beseni. Hii ni mara ya tatu. Kati ya sitini wamebaki kumi na mmoja. Chanjo ya Gumboro nimewapa, ya Newcastle nimewapa. Afisa wa mifugo alikuja, akawatazama akiwa amesimama mlangoni, akasema ni Gumboro, akaenda.

Wewe unasomea kinga ya ndege. Niambie ninakosea wapi. Tangu masikio yafunge, watu wamechoka kunipigia kelele, nami nimechoka kuwaomba warudie. Kuku hawana shida hiyo. Ninakaa nao mchana kutwa. Kuwafukia kila baada ya majuma manane ni kazi nisiyoiweza tena.

Mimi shangazi yako, senge wako,
Rosebella Jepkosgei


1 Machi 2023

Senge,

Barua yako ilichukua siku ishirini na moja. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi na koti bado mwilini. Mimi ni mzima. Mvua ya huku hainyeshi, inaning'inia tu. Kazi inaendelea vizuri, na Desemba nitakuwa nyumbani, Mungu akipenda.

Pole kwa vifaranga. Nikueleze ninachofanya hapa, kwa sababu kinakaribiana na taabu yako.

Kifaranga ana kifuko kidogo juu ya tundu la kutolea uchafu, upande wa mgongo. Kinaitwa bursa. Sisi binadamu hatuna. Ndiyo shule ambamo chembe za damu zinajifunza kutengeneza kinga dhidi ya magonjwa. Shule hiyo inajengwa kifaranga akiwa bado ndani ya yai, na ikishamaliza kazi, kuku akikomaa, inanywea yenyewe. Kinachoiamrisha ijengwe au ivunjwe ni homoni, zile jumbe ambazo mwili unazituma kwa njia ya damu. Ukitia homoni ya kiume ndani ya yai mapema, kifaranga anaanguliwa hana bursa kabisa. Homoni ya hofu na taabu, ikizidi, nayo inaifanya inywee. Kazi yangu ni kutia homoni kwenye mayai kwa siku tofauti, halafu kufungua na kupima. Nimefungua mayai mengi sana, Senge. Siku hizi sili mayai.

Linalotisha ni kwamba kifaranga asiye na bursa anaonekana mzima. Anakula, anakimbia. Ile kinga aliyorithi kwa mamake inamlinda majuma mawili au matatu. Ikiisha, ugonjwa wowote unaingia kama kwenye nyumba isiyo na mlango. Na chanjo haimsaidii, kwa sababu hakuna wa kuipokea.

Ukiweza, mfungue mmoja aliyekufa punde tu. Wembe safi, glavu, osha mikono. Kata juu ya lile tundu, nyuma ya utumbo. Kwa kifaranga wa majuma manne utakuta kifuko cha mviringo kama ncha ya kidole chako kidogo. Kisha tazama shingoni, pande zote mbili, kuna kitu kama ushanga wa rangi ya waridi. Niandikie ulichokiona.

Usinyanyue ndoo za maji na magoti hayo.

Mwanao,
Vivian Jebet


Kiplombe
24 Machi 2023

Mwanangu Jebet,

Salamu nyingi. Mvua imeanza jana alasiri, na Kiplombe yote imeshika majembe. Mama Kabura alianguka kwenye tope mbele ya duka lake akacheka mwenyewe. Magoti yangu hayana neno, usijali.

Nilifungua vifaranga watatu juu ya meza ya nje, kama zamani nilipofungua vyura mbele ya darasa la saba. Nilikata pale uliponiambia, nikatafuta mpaka nikadhani nimekosea mahali. Kifuko kipo. Ni kama punje ya mtama, Jebet. Wote watatu. Shingoni hakuna ushanga, kuna uzi mwembamba mweupe tu.

Halafu nikafanya jambo ambalo hukuniagiza. Nilichukua kifaranga wa siku moja, aliyekufa kwa kukanyagwa na wenzake, nikamfungua pia. Chake nacho ni kidogo sana, ingawa sijui wa siku moja anatakiwa kuwa na cha kiasi gani. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii, kwa kipimo cha rula.

Nilikaa pale nje muda mrefu. Nilimkumbuka mtoto mmoja wa darasa la saba aliyeniuliza, "Mwalimu, huyu chura alijua kwamba ni mgonjwa?"

Niambie maana yake.

Senge wako


17 Aprili 2023

Senge,

Salamu za Pasaka, ingawa imepita. Mimi niliipitisha maabara. Mchoro wako ni mzuri kuliko ya wanafunzi wengi hapa, nimeubandika ukutani juu ya meza yangu.

Gumboro huvimbisha bursa kwanza, ndipo ikanywea, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Kifaranga wa siku moja hawezi kuwa ameshapitia hayo. Kwa hiyo nadhani kuna kitu kinachowafikia wakiwa bado ndani ya yai, kupitia kwa kuku mama, halafu wanaendelea kukipata wakishaanguliwa. Siwezi kuapa nikiwa mbali hivi. Lakini nikiona bursa na ushanga wa shingoni vimenywea pamoja, kitu cha kwanza ninachofikiria ni homoni ile ya taabu, au dawa inayoiga homoni hiyo.

Tafadhali niandikie kila kitu kinachoingia mdomoni mwa kuku wako, mama na watoto. Chakula kinatoka wapi, maji ya wapi, majani gani, dawa gani. Hata kile unachokiona hakina maana. Uliza pia kama mwenye chakula anachanganya kitu.

Na wewe mwenyewe, unalala? Unakula?

Jebet


12 Juni 2023

Senge,

Leo ni juma la nane tangu nikuandikie. Nimekwenda kwenye sanduku la barua kila asubuhi, mpaka mama wa ghorofa ya chini anadhani nina mchumba.

Labda barua imepotea. Labda nimekuuliza vibaya. Sikulaumu kwa lolote, wala si mtihani. Andika hata mistari miwili, useme mvua inanyesha.

Jebet


Kiplombe
3 Julai 2023

Mwanangu Jebet,

Mvua inanyesha. Baridi ya mwaka huu ni ya Timboroa, si ya huku. Mama Kabura anakohoa, nami nimeanza kukohoa kidogo.

Barua yako ya Aprili haikupotea. Niliipata tarehe nane Mei. Nimeiweka ndani ya Biblia, na kila nikifungua Zaburi inaniangukia mapajani.

Nitaandika haraka kabla sijaghairi.

Miaka miwili na nusu iliyopita magoti na vidole vilinifunga. Nilikuwa ninashuka kitandani kwa kutambaa, na kalamu siwezi kushika. Hukujua, kwa sababu barua za wakati ule nilimwambia Mama Kabura aniandikie, nikakudanganya kwamba nimekatwa na panga kidogo. Hospitali nilikwenda mara moja, nikaketi kwenye benchi, wakaita jina langu, sikusikia, wakaita mwingine. Nilirudi nyumbani. Kuna mtu huja soko la Jumamosi na dawa kwenye mkoba. Alinipa vidonge vidogo vyeupe vilivyofungwa kwa karatasi ya gazeti. Havina jina. Ni vichungu. Siku ya pili niliamka nikatembea mpaka kwenye kuku na kurudi, nikalia. Tangu siku hiyo nimemeza viwili kila asubuhi. Nilipata hamu ya kula, nikanenepa usoni, na kanisani wakasema mwalimu amerudi ujana.

Mwaka jana mwezi wa tisa kuku walianza kukoroma. Nikafikiri, kama kidonge kiliniinua mimi, kitawainua na wao. Nilisaga vinne nikatia kwenye ndoo ya maji. Walipona. Basi nikafanya desturi. Kuku mama na vifaranga wanakunywa maji ya ndoo moja.

Ulipoandika "dawa inayoiga homoni hiyo" nilijua. Nilijua nikiwa bado nimeshika bahasha. Ila mimi ndiye niliyesimama mbele ya darasa miaka thelathini na mmoja nikiimbisha watoto: usimeze dawa usiyopewa na daktari. Wengine wao ni wauguzi sasa. Nilishindwa kukuandikia hayo kwa mkono huu.

Yamekwisha. Jumatano iliyopita nilitupa vyote chooni, vya kuku na vyangu, pakiti nzima. Leo ni siku ya tano. Mwili ni mzito na chakula kinanikataa, lakini ni malipo ya haki. Ndoo nimeisugua kwa majivu.

Usinikasirikie sana.

Senge wako


27 Julai 2023

Senge,

Baba amesema bado uko hospitali, lakini unapata nafuu, na barua hii ikifika utaweza kuisoma mwenyewe.

Barua yako ilifika Jumatatu saa nne asubuhi. Niliposoma kwamba umetupa vidonge vyako vyote siku moja, nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Kosa ni langu, sikukuonya. Vidonge vile, kwa dalili ulizoandika, ni homoni ile ile ya taabu, imetengenezwa kiwandani. Juu ya figo tuna tezi mbili zinazoitengeneza. Mtu akimeza vidonge miaka miwili, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Akiacha ghafla, haziamki kesho yake, huchukua miezi. Katikati hapo, kikohozi tu kinaweza kumwangusha mtu asiinuke. Na ulikuwa umeshaniambia unakohoa, majuma matatu nyuma.

Nilikupigia simu nikijua iko kabatini. Nilituma ujumbe. Namba ya Mama Kabura sina. Nilikuwa na namba moja tu ya mtu anayeweza kukufikia kabla ya giza, na unajua ni ya nani. Miaka minne sikuipiga, wala sikuifuta.

Alipokea mlio wa pili.

"Nani?"

"Ni Jebet."

Nilisikia trekta nyuma yake, kisha likazimwa.

"Ni nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna. Lakini enda kwa Senge saa hii. Usingoje kesho."

"Niko na watu wa kunyunyiza mahindi dawa, Jebet. Kesho asubuhi na mapema—"

"Baba."

Yeye pia alijua nilichokuwa ninafikiria, kwa sababu Mama alipougua ugonjwa uliomuua alisema vile vile: kesho asubuhi na mapema. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimesimama mlangoni na begi la nguo za Mama za kwenda hospitali.

"Naenda," akasema. "Ni ugonjwa gani? Nimwambie daktari nini?"

"Mwambie amekuwa akimeza steroidi miaka miwili na akaacha ghafla. Steroidi. Iandike."

"Sina karatasi hapa shambani."

"Andika popote."

Nilimtajia herufi moja moja. Akanirudishia moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu simu ikakatika, na nikakaa masaa sita bila kujua kitu, mpaka Baba aliponipigia kutoka hospitali.

Ulipokuwa unaandika kwamba unanenepa usoni, mimi nilikuwa nimeshaona. Picha ya harusi ya kanisani niliyotumiwa mwaka jana ilikuonyesha na uso wa mviringo kama mwezi. Kila siku ninasoma juu ya homoni hii. Niliona, nikasema senge anakula vizuri. Kwa hiyo usiniombe msamaha peke yako.

Fuata wanavyokuambia hapo, hata kama ni kumeza.

Jebet


Kiplombe
22 Agosti 2023

Mwanangu Jebet,

Nimerudi nyumbani tangu tarehe tisa. Nimekonda, lakini ninakaa nje juani saa nne mpaka saa sita. Baba yako ananitolea kiti.

Ya siku ile sikumbuki yote. Nilikuwa nimelala siku mbili, kila kitu nikimeza kinarudi. Nilijaribu kwenda kuwafungulia kuku, magoti yakaondoka chini yangu, nikalala pale pale kwenye korido nikitazama dari. Sikuwa na hofu. Nilikuwa nimechoka tu, kuchoka ambako hata kumwita Mungu ni kazi. Mlango sikuusikia ukivunjwa. Nilichoona ni gambuti zenye matope kando ya uso wangu, nikajua ni za baba yako, Kipkoech, kwa vile alivyozifunga kwa waya.

Daktari alimuuliza maswali mengi, naye alikuwa amechanganyikiwa, hajui hata umri wangu. Akanyoosha kiganja. Ameandika STEROIDI kwa kalamu ya bluu, jasho limefuta herufi mbili. Daktari alisoma, akaita wenzake, wakanidunga sindano na kunitundikia maji. Siku ya pili niliomba uji.

Wamenirudishia vidonge, mwanangu. Aina ile ile, lakini sasa vina jina na kipimo, na kila mwezi watapunguza kidogo mpaka tezi ziamke. Muuguzi aliyenieleza aliandika kila neno kwenye daftari ili nisome. Nilimfundisha darasa la sita. Hakunicheka.

Kuku waliachiwa Mama Kabura. Wale walioanguliwa mwishoni mwa Julai juma la nne linaisha kesho kutwa, na waliokufa ni watatu. Bado ni mapema kusema.

Sasa nitavunja agizo lako, niseme ya baba yako. Hajarudi Moi's Bridge. Analala kwenye kochi, miguu inaning'inia. Anapika ugali mgumu kama tofali. Jumapili tulikaa nje, akachukua daftari langu, akaandika, kwa kuwa alijua akisema sitasikia, na nadhani ndiyo sababu aliweza. Ninakunakilia alivyoandika, na makosa yake:

"Mwambie Jebet mimi nilichelewa. Mama yake alisema anaumwa siku ya Jumatatu mimi nikaenda Ijumaa. Siku hizo zote nilikuwa na sababu. Sina sababu moja ya kumpa. Nilichelewa."

Nilimuuliza kama nikutumie. Akaandika nifanye ninavyotaka, akaenda kuchota maji.

Senge wako


14 Septemba 2023

Senge,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nashukuru Mungu kwa uji ule, na kwa wale vifaranga. Ukipata anayekufa, mfungue, unichoree.

Nami nina la kutoa. Nilikuambia kazi inaendelea vizuri. Si kweli. Januari friza ya maabara iliharibika wikendi, na sampuli zangu za miaka miwili zikaoza. Hakuna wa kulaumiwa. Nimeanza upya kutoka yai la kwanza. Shahada haitakuwepo Desemba, pengine si mwaka ujao. Sikukuambia kwa sababu ulinisindikiza ukiwaambia watu wote kanisani kwamba unaleta daktari wa kuku nyumbani. Nimechoka, Senge. Ninaamka nimechoka. Lakini nitakuja Desemba hivyo hivyo, mikono mitupu, majuma matatu. Msimamizi wangu amekubali.

Jumapili nilimpigia Baba. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye karatasi, mengine makali, mengine ya kusamehe, nikayapoteza yote alipopokea. Nilimwambia nimepata alichoandika. Akasema, "Sawa." Pesa za simu ziliendelea kwenda, hakuna aliyekata.

Mwishowe akauliza ndege yangu itatua Eldoret au Nairobi, na saa ngapi. Nikamwambia Eldoret, tarehe kumi na nne Desemba, saa tisa mchana.

Akasema, "Nitakuwa hapo asubuhi."

Mwanao,
Jebet